Amekula? Nani Kamdunga?

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogeze redio karibu. Kama uko kwenye matatu unaelekea Kisauni, au umesimama unangoja feri pale Likoni, basi twende sote, kipindi chetu si kirefu.

Juma lililopita niliahidi kuzungumza juu ya paka anayedungwa insulini nyumbani. Tangu nitamke maneno hayo nimeulizwa swali moja kila nipitapo, sokoni, harusini, hata msibani: hivi paka naye huugua kisukari? Huugua, msikilizaji. Ni kisukari kilekile tunachokijua majumbani mwetu, na hutibika kwa dawa ileile. Tofauti ni kwamba paka hawezi kukwambia anavyojisikia, wala hawezi kujidunga. Kazi yote ni yako wewe uliye naye asubuhi na jioni.

Mimi nimeishi na paka wa namna hiyo, kwa hiyo ninayosema leo nimeyapitia kwa mkono wangu. Naomba ushike maswali mawili tu. Mengine yakikupita, daktari wa mifugo atakukumbusha. Lakini haya mawili yashike: Amekula? Nani kamdunga? Nitayarudia tena na tena, usichoke nami.

Paka wangu anaitwa Karafuu. Ni dume, kahasiwa, na rangi yake ni ile ya karafuu iliyokwisha kuanikwa. Wakati ule alikuwa na miaka 10 na kilo 7, na sisi tukijivunia unene wake. Mgeni akija twasema, mtazame alivyonona! Kumbe paka wa kawaida ana kilo 4, au 5 akiwa na umbo kubwa. Zile kilo zilizozidi zilikuwa mzigo, nasi hatukujua.

Kilichoanza ni maji. Paka ametokana na paka-mwitu wa nchi kame, hana desturi ya kunywa maji mengi. Karafuu akawa anamaliza bakuli zima, kisha anaingia bafuni kulamba kata, kisha unamkuta juu ya kifuniko cha mtungi anatafuta tone. Mchanga wa trei yake, uliokuwa ukikaa siku mbili, ukawa chapachapa kwa siku moja. Na kula? Alikula kama mtu aliyetoka safari ndefu. Lakini mgongo ulizidi kuchongoka, na manyoya yakapoteza ule mng'ao wake.

Aliyeshtuka ni mama yangu mzazi, ambaye yeye mwenyewe ana kisukari tangu nikiwa msichana. Alisimama mlangoni, akaitazama ile trei, akaniita. "Mwanangu, hebu njoo. Sisimizi hawa wanafuata nini hapa?" Nikatazama. Walikuwa wamejipanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye mchanga. Waganga wa Bara Hindi waliandika habari za mkojo unaovuta sisimizi karne nyingi kabla ya mashine yoyote ya kupimia sukari, na mama yangu, bila kusoma vitabu hivyo, aliijua alama hiyo.

Basi dalili ni hizo: kunywa sana, kukojoa sana, kula sana na huku anakonda. Kuna moja zaidi ambayo watu huidhania uzee. Paka hutembea kwa ncha za vidole. Kisukari kikishaumiza neva za miguu ya nyuma, anashuka, anatembea kwa kisigino kizima kama sungura, na kuruka juu ya kiti kunamshinda. Ukiona hivyo usiseme kazeeka. Mpeleke apimwe.

Kipimo chenyewe kina mtego wake. Paka akiogopa, sukari yake hupanda hata kama hana kisukari. Kapu, tuktuk, harufu ya mbwa kwenye benchi la kusubiria, mikono ya watu asiowajua, vyote hivyo huipandisha. Ndiyo maana daktari mwangalifu haridhiki na tone moja la damu. Wetu alipima damu, akapima na mkojo, kisha akaagiza kipimo kiitwacho fruktosamini, ambacho huonyesha hali ya sukari ilivyokuwa kwa wiki moja mbili zilizopita, si ya dakika ile ya hofu tu.

Sasa kisukari chenyewe ni nini? Utanisamehe wewe unayejua, naeleza kwa ajili ya watoto wanaosikiliza. Fikiria kivuko cha Likoni. Sukari iliyomo kwenye damu ni abiria. Wanataka kuvuka waingie mwilini wafanye kazi. Insulini ndiyo feri, na feri hiyo huundwa na kiungo kiitwacho kongosho, kilicho jirani na tumbo. Feri zikipungua, abiria wanajazana upande huu, na ng'ambo kazi zinalala kwa kukosa watu. Hivyo ndivyo paka anavyokufa njaa na damu yake imejaa sukari. Na mafuta mengi mwilini hufanya kivuko chenyewe kiwe kizito, feri ipo lakini haisogei inavyopasa. Kwa paka wengi kisukari huanza namna hiyo, unene kwanza. Wengine huchangiwa na dawa za steroidi. Karafuu alikuwa amedungwa steroidi mara kadhaa mwaka ule kwa ajili ya ngozi kumwasha. Ni dawa zinazosaidia kwa kazi yake, lakini kwa paka mnene huweza kuufungulia mlango ugonjwa huu. Ikiwa paka wako anazitumia, mwambie daktari, wala usizikatize mwenyewe ghafla.

Dawa tunayodunga ina miaka mia na ushei. Ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, katika kazi ya Frederick Banting na Charles Best wakiwa na wenzao Macleod na Collip, na Januari 1922 akadungwa mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari alikuwa akisubiri kufa tu. Kwa miaka mingi insulini ya kutibu binadamu ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Na hapa kuna jambo linalonigusa kila nikilifikiria. Insulini ni mnyororo mdogo wa pete 51. Ya paka na ya ng'ombe zinatofautiana pete moja tu. Ya paka na ya binadamu, pete 4. Ndiyo maana dawa iliyoundwa kwa ajili ya mama yangu inaweza kumponya na mnyama anayelala miguuni pake.

Lakini sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo hatari ilipo. Kusema inaweza si kusema chukua ya bibi umdunge paka. Zipo insulini za aina nyingi. Ya mama yangu ni ya kuchanganywa, ina mawingu. Aliyoandikiwa Karafuu inaitwa glajini, ni angavu kama maji, na hufanya kazi polepole kwa saa nyingi. Zote mbili zilikaa kwenye friji moja. Tulifunga uzi mwekundu kwenye ya Karafuu na kuiweka ndani ya kikopo chake, rafu yake. Na ile angavu ikianza kuwa na ukungu au vijipande vinavyoelea, si dawa tena hiyo, itupe.

Jambo la pili kwenye sehemu hii ya hatari ni sirinji. Tazama chupa yako imeandikwa nini. Zipo insulini za yuniti 100 kwa kila mililita moja, hizo kwa kawaida ndizo za watu. Na zipo za mifugo za yuniti 40. Kila moja ina sirinji yake. Kwa kawaida ya 100 ina kifuniko cha rangi ya chungwa, na ya 40 ina chekundu, lakini usitegemee rangi, soma maandishi. Ukiivuta dawa ya 100 kwa sirinji ya 40 hadi mstari wa 2, hukumpa paka yuniti 2. Umempa 5. Kwa mtu mzima mwenye kisukari, 5 mara nyingi ni kipimo kidogo. Kwa paka wa kilo 5 ni usiku wa balaa. Nimesema soma chupa, soma sirinji. Zikipishana, usidunge.

Na kipimo cha paka ni kidogo mno. Karafuu alianzishwa na yuniti 1, mara mbili kwa siku. Kwa hiyo omba sirinji ile ndogo kabisa, ya yuniti 30, yenye mistari ya nusu yuniti. Ivute penye mwanga wa kutosha, uvae miwani kama unayo.

Kila baada ya saa 12 anadungwa. Na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna bahati, maana hatuna haja ya kupiga hesabu. Saa 12 asubuhi, saa 12 jioni. Hapa kwetu karibu na ikweta jua lenyewe linachomoza na kuzama kwenye nyakati hizo mwaka mzima, likikosea halifikishi saa nzima. Mwezi wa Ramadhani hatukubadilisha kitu. Tulidunga saa 12 kamili, ili adhana ya magharibi ikilia mikono yetu iwe kwenye tende.

Kudunga kwenyewe ndiko watu wanakokuogopa zaidi, na mimi nakwambia kwa uzoefu, ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Sindano ni nyembamba kama unywele. Mimi nilifanya hivi: naweka chakula, nangoja aanze kula, nanyanyua ngozi iliyolegea ubavuni kwa vidole viwili, inasimama kama hema dogo. Sindano inaingia chini ya lile hema, nasukuma, nachomoa. Siku nyingi hakuinua hata kichwa. Leo ubavu wa kulia, kesho wa kushoto, ngozi isije ikawa sugu mahali pamoja. Ukimaliza pitisha kidole. Ukisikia unyevu kwenye manyoya, na harufu ile ya dawa kama ya plasta, basi sindano imetokea upande wa pili na dawa imemwagika nje.

Je, utarudia? Hapana. Hata kama una hakika imemwagika nusu, hata kama imemwagika yote. Usirudie. Sukari ikibaki juu kwa saa 12, paka atakunywa maji mengi na kukojoa sana, basi. Ikishuka mno, anaweza kufa kabla ya alfajiri. Ukisahau sindano ya asubuhi, usimpe mbili jioni. Ukiwa na shaka kama alidungwa au hakudungwa, mhesabu kuwa kadungwa.

Hili la shaka nalijua kwa sababu lilitukuta.

Ilikuwa siku ya harusi ya jirani. Nilimdunga Karafuu saa 12, nikavaa buibui, nikatoka. Kijana wangu akarudi kutoka madrasa, akakuta bakuli limelambwa safi, akajua paka ameshakula, akakumbuka mama hayupo. Akafanya nililomfundisha, kwa adabu na uangalifu kabisa. Akamdunga. Sindano mbili ndani ya saa moja.

Saa 3 usiku nikapigiwa simu. Nilimkuta Karafuu chini ya kitanda. Kichwa kinatikisika, macho yamemtoka, miguu ya nyuma haimshiki. Akijaribu kusimama anayumba kama dau lisilo na tanga. Hiyo ndiyo hali ya sukari kushuka. Ule mfano wetu wa feri: feri zilizidi, abiria wote wakavushwa, na ubongo, ambao unaishi kwa abiria hao, ukabaki gizani. Wengine huanza kwa njaa ya ghafla na kulia lia, wengine hulala tu usijue, wengine hupata mtukutiko kama kifafa.

Mama yangu, ambaye hali hiyo imempata yeye mwenyewe mara nyingi, hakungoja. "Asali! Leta asali!" Nikachovya kidole nikampaka kwenye ufizi, ndani ya shavu. Kumpaka tu. Usimmiminie maji ya sukari mdomoni paka aliyelegea, yataingia kwenye mapafu. Na akiwa anatukutika usiingize kidole kati ya meno, pakaza kwenye ufizi kwa nje. Nikampaka tena, huku simu ya daktari iko sikioni. Alipoweza kumeza, tukampa chakula chake, kisha tukapanda tuktuk. Asali hupandisha sukari kwa muda mfupi, na insulini ile ilikuwa bado na saa nyingi za kufanya kazi. Usiku kucha alikuwa akipimwa na kulishwa. Asubuhi alinitazama kwa macho yake ya siku zote.

Kijana wangu alilia sana. Nikamwambia, na nasema hapa hadharani, kosa halikuwa lake. Nyumba ilikuwa na mikono miwili inayodunga na haikuwa na mahali pa kuulizana. Siku ileile tukatundika daftari mlangoni mwa friji, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kila sindano inaandikwa kabla sirinji haijatupwa: saa, yuniti ngapi, amekula au hakula, nani kadunga. Hakuna maandishi, hakuna sindano. Amekula? Nani kamdunga? Sasa unaona yalikotoka.

Swali la kwanza kati ya hayo mawili ni la mama. Yeye amelizoea kwenye mwili wake, hajidungi kabla hajaona sahani. Paka akikataa chakula, usimdunge kipimo kizima kwa kuwa saa imefika. Mpigie daktari, atakwambia upunguze au uruke. Na akikataa kula huku anatapika, amenyong'onyea, na pumzi yake ina harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, hapo usingoje asubuhi. Hizo ni ketoni, sumu inayozaliwa mwili unapochoma mafuta kwa kukosa sukari. Paka huyo anahitaji maji ya mshipani siku hiyohiyo.

Tuje kwenye chakula. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mazoea yetu ya Pwani yanapokosea, na yanakosea kwa mapenzi. Tunampa paka nini? Wali uliobaki, na mchuzi juu. Ugali uliopondwa na dagaa. Mkate uliochovywa kwenye chai ya maziwa. Paka ni mla nyama. Ini lake limeumbwa kutengeneza sukari kutoka kwenye nyama, na ulimi wake haujui utamu. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, huko Philadelphia, Marekani, walieleza kwamba kinasaba cha kuonja utamu kwa paka kimevunjika, hakifanyi kazi. Paka akigombania mkate wenye chai, anafuata mafuta ya maziwa, hafuati sukari. Wanga wote ule tunaompa unaingia kwenye damu yake bila hata kumfurahisha.

Basi mpe nyama. Chakula cha kopo cha paka chenye nyama nyingi kinafaa kuliko kile kikavu cha punje, ambacho mara nyingi kimejaa nafaka. Kama uwezo haufiki huko, kuku wa kuchemsha, maini kidogo, firigisi, samaki aliyepikwa na kutolewa miiba, huku daktari akikuelekeza namna ya kukamilisha mlo, maana samaki mtupu kila siku nao una upungufu wake.

Lakini ngoja. Usizime redio ukaenda kumbadilishia chakula usiku huu. Ukiondoa wali ghafla na huku kipimo cha insulini ni kilekile, sukari itaporomoka. Chakula na dawa vinakwenda pamoja kama makasia mawili, ukipunguza huku unapunguza na huku, na daktari awe anajua. Wala usimnyime chakula ili akonde haraka. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, ini lake linaweza kujaa mafuta, na hayo ni maradhi mengine makubwa. Akonde polepole, kwa miezi.

Utajuaje dawa inafanya kazi? Kwanza kwa macho. Pima maji, jaza bakuli asubuhi kwa kikombe kilekile, tazama jioni kumebaki kiasi gani. Tazama mchanga. Mpime uzito kila wiki: jipime mwenyewe kwenye mizani, kisha jipime umempakata, uitoe ya kwanza kwenye ya pili. Yote hayo ni bure. Ukiweza zaidi, pima damu. Ni tone dogo tu la ukingo wa sikio, baada ya kulipasha moto kwa kitambaa. Mashine ya kupimia watu hutumika, ila fahamu kwamba damu ya paka huielekeza kusoma chini kuliko ilivyo kweli, kwa hiyo tumia mashine hiyohiyo moja siku zote na umwambie daktari ni ipi. Namba za nyumbani, paka akiwa ametulia kwenye mkeka wake, zina thamani kuliko za kliniki. Lakini usipandishe kipimo kwa sababu ya namba moja ya juu. Yuniti huongezwa kwa nusu, baada ya siku kadhaa, na anayeongeza ni daktari akiwa na daftari lako mbele yake.

Na stima ikikatika? Swali hili nimeletewa na msikilizaji wa Lamu. Insulini huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Usiiweke karibu na barafu, maana ikiganda imekufa hata ikiyeyuka. Lakini kukatika kwa stima usiku mmoja hakuiharibu, acha tu mlango wa friji umefungwa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti kutoka kambi ya Dagahaley, hapa kwetu Dadaab. Insulini za watu zilizokaa wiki 4 kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 zilibaki na nguvu yake. Hilo liliwafungulia wagonjwa wengi njia ya kuweka dawa nyumbani. Nalisema ili usipate hofu, si ili uiache chupa dirishani. Jua la Februari hapa Mombasa halina huruma. Friji ikikosekana, chungu cha udongo kilicholoweshwa, mahali penye upepo na kivuli, kinapoza vizuri, nawe ufuate siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Sindano zilizotumika zitie kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, zisije zikamchoma mzoa taka.

Kuna msikilizaji alinishika mkono nje ya studio, mzee wa heshima, akaniambia: "Binti yangu, kuna watu hawana insulini, nawe wazungumza insulini ya paka?" Sikumjibu haraka. Mama yangu alishawahi kukosa dawa yake, najua nyumba inakuwaje siku hiyo. Nikamwambia, mzee wangu, dawa ya mtu isiguswe kwa ajili ya paka, hilo halina mjadala. Lakini paka huyu sisi ndio tuliomfungia ndani ghorofani, tukamnenepesha kwa wali, hawezi kwenda kujitafutia. Kila mtoto wa chuoni anaijua hadithi ya Mtume juu ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ale vya ardhini. Na asiyeweza gharama asiambiwe hana huruma. Azungumze na daktari wake waziwazi, mapema. Mzee alinyamaza, kisha akaniuliza paka anakula nini, maana naye anaye mmoja mnene.

Nimalizie na habari ambayo wengi hawaijui. Kisukari cha paka kinaweza kurudi nyuma. Si kwa wote, na mara nyingi ni kwa wale waliotibiwa mapema, wakakonda, wakaacha wanga. Kongosho likipumzishwa, linaweza kuanza tena kuunda feri zake. Mwezi wa tano wa matibabu, namba za Karafuu zilianza kushuka. Daktari akapunguza mpaka nusu yuniti, kisha nusu mara moja kwa siku, kisha tukaacha, huku tunapima kila asubuhi. Ni hatua ambayo usiifanye peke yako, na kama usingekuwa unapima, kipimo cha zamani kingeweza kumuua paka anayepona. Sasa ana kilo 5 na nusu, anaruka hadi dirishani. Kinaweza kurudi wakati wowote, na steroidi kwake ni mwiko. Kila asubuhi bado namjazia maji kwa kikombe kilekile.

Saa ya hapa studio inasema saa 12 kasorobo. Kama una paka wa insulini nyumbani na bakuli lake bado tupu, nenda, usiningoje nikuage. Juma lijalo, siku kama hii, saa kama hizi, nitakuwa na daktari wa mifugo hapa tuzungumze juu ya figo. Lete maswali.